Kwa nini kioo cha darasa letu kimefunikwa

Shikamooni wazee wangu, na nyie vijana habari zenu, karibuni sana jamani kwenye darasa letu la dansi za Kiafrika. Naona wengine mmekuja na nguo za mazoezi kabisa, wengine mmesindikiza tu na mnasema mtakaa pembeni muangalie, sawa, kaeni, ila nawaambia mapema humu ndani anaekaa pembeni anapewa kazi ya kupiga makofi, na akishapiga makofi kidogo mguu nao unaanza, kwa hiyo tusidanganyane. Nimeombwa niseme machache kabla ngoma hazijaanza. Wale wa zamani mnajua machache yangu huwa hayawi machache, nivumilieni.

Kitu cha kwanza kila mgeni anakiuliza ni kile kioo. Ukuta mzima ni kioo na sisi tumekifunika shuka, watu wanadhani kimevunjika. Ni kizima. Tumekifunika makusudi, na nikiwaeleza sababu nadhani ntakuwa nimeeleza karibu kila kitu tunachofanya hapa.

Mgeni ukimsimamisha mbele ya kioo macho yake yanapita njia ileile. Anaanza na tumbo, anavuta fulana chini. Halafu nywele. Halafu anamuangalia mwenzake wa kushoto kama anaonekana mwepesi kuliko yeye. Ndo baadae sana anafika kwenye miguu ya mwalimu, na hapo midomo inaanza kucheza, moja mbili tatu nne, unaiona kabisa anahesabu kimoyomoyo, na mwili unangoja hesabu ndo usogee. Sasa fikiria mpaka jicho lione mguu wa mwalimu, kichwa kielewe, mguu wako nao uinuke, pigo limeshapita zamani. Huyo mtu atakuwa nyuma nusu hatua darasa zima na atarudi nyumbani anasema yeye hana mdundo kwenye damu. Mdundo anao, tatizo anauangalia badala ya kuusikiliza.

Na kuna la kimwili kabisa hapa, sio falsafa. Dansi nyingi sana za Afrika Magharibi, na zetu za huku mashariki pia, zinachezwa umeinama kidogo, magoti yamelegea, kifua kimeelekea chini. Ukitaka kujiona kwenye kioo inabidi unyanyue kidevu. Ukinyanyua kidevu shingo inavunjika nyuma, mgongo unakaza, kifua kinagoma kutikisika, na unabaki unarusha mikono tu. Nimeona watu wenye vipaji wanaonekana wagumu kumbe ni shingo tu, ukimwambia angalia sakafu hatua tatu mbele yako mwili wote unafunguka.

Sasa tuingie kwenye ngoma zenyewe. Chukua za djembe, ile ngoma ya umbo la kikombe inayopigwa kwa mikono mitupu, zile za Guinea na Mali. Yule mpiga djembe kiongozi hapigi tu kupamba, yeye ndo anaendesha gari zima. Nyuma yake kuna ngoma tatu kubwa, kenkeni, sangban na dundunba, hizo ndo zinashika wimbo, na djembe ina sauti tatu, lile zito la katikati ya ngozi, lile la duara la pembeni, na lile kofi kali linalopasua. Mnacheza stepu moja, mnaizungusha mnaizungusha, halafu ghafla kiongozi anaachana na mapambo anapiga sentensi fulani fupi, kavu, inayojulikana, hiyo ndo ishara ya kukata. Ukiisikia unajua stepu hii imekwisha, pigo linalofuata tunaingia nyingine. Anaweza kuikata baada ya raundi nne, anaweza akawaacha muende mpaka kumi na mbili kwa sababu ameona mmenoga, anaweza kuikata mapema kwa sababu ameona mama mmoja pale nyuma pumzi inaisha. Hakuna hesabu itakayokusaidia hapo manake yeye mwenyewe hajahesabu. Anawaangalia nyie.

Senegal kwenye sabar mambo yanageuka tena. Sabar inapigwa na mkono mmoja mtupu na mkono mwingine una kijiti, ngoma inapasuka kama nini, na mchezaji akirukia katikati ya duara mpigaji kiongozi ndo anaifuata miguu yake. Mchezaji anainua goti, ngoma inainuka nae, anatua, ngoma inatua. Ni sekunde chache tu halafu anatoka anakimbia anacheka, mwingine anaingia. Kwa hiyo kule mchezaji nae ni mpigaji. Mtu aliezoea kungoja kuambiwa stepu akifika sabar anaganda kabisa.

Sisemi kuhesabu mpaka nane ni dhambi. Ukiandaa onyesho watu ishirini lazima wageuke pamoja, utahesabu utake usitake, na sisi wenyewe tukiwa na onyesho shuka linatoka wiki ile tunanyoosha mistari kisha linarudi. Ila ni vizuri kujua hiyo mistari imetoka wapi. Miaka ya 1950 Fodéba Keïta wa Guinea alianzisha kundi lake kule Paris, Les Ballets Africains, na nchi ilipopata uhuru mwaka 1958 likaja kuwa kundi la taifa, likazunguka dunia. Ngoma zilizokuwa zinachezwa kwenye duara, mchana kutwa, kijiji kizima kiko ndani, zikapangwa ziangalie upande mmoja waliokaa watazamaji, zikafupishwa, zikapewa mwanzo na mwisho. Kazi kubwa na nzuri, naiheshimu sana, bila wao watu wengi wasingejua djembe ni nini. Lakini darasa la mtaani sio jukwaa. Hatuna mtazamaji. Hata yule aliekaa pembeni nimeshasema anapiga makofi. Sasa kwa nini tujipange kama tunatazamwa?

Haya, la pili, hii kasi. Watu wengi mmekuja kwa sababu ya enaji, mmeona klipu kwenye simu mtu anatetemeka kuanzia kisigino mpaka nywele mkasema na mimi nataka hiyo. Vizuri. Ila mnachanganya kasi na nguvu, karibu wote. Amapiano ya Afrika Kusini inatembea kwenye biti kama 110 hivi kwa dakika, hiyo sio kasi, ni mwendo wa mtu anaetembea akijua anakoenda, lakini ingia kwenye duara la amapiano ucheze nusu saa na lile besi linavyogonga uone kama hujaloa. Upande wa pili kuna singeli ya Dar es Salaam inayokwenda 200 na zaidi, zipo zinazogonga mpaka 300. Hapo mtu mgeni anachanganyikiwa anataka kukimbizana na kila pigo, ndani ya dakika moja ameisha, anashika magoti. Muangalie mtoto wa Manzese anavyoicheza. Hafukuzi kila pigo. Anachagua, anashika moja katika mbili au moja katika nne, mwili mzima unakaa hapo umetulia, halafu mahali fulani anaachia miguu inakwenda mbio kidogo, anarudi kwenye utulivu wake. Kile mnachokiona kama wazimu kimekaa juu ya utulivu.

Kwa hiyo zoezi letu la kwanza siku zote sio stepu. Tunatembea. Muziki unapigwa na nyie mnatembea humu ndani mnatafuta pigo la kukaa, kila mtu lake, na mkishalipata miguu inabaki hapo na mikono inaanza kupiga makofi matatu kwenye nafasi ya hatua mbili. Inasikika rahisi mpaka ujaribu. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, hawagongani kwa sababu kila mmoja anaisikia ya mwenzake, ila hapa michi yote miwili iko ndani ya mwili wako. Tatu juu ya mbili, hiyo ndo siri ya ngoma nyingi sana za bara hili, na ukishaisikia hata mara moja tu, nakwambia hutoacha kuisikia, utaisikia mpaka kwenye feni. Wengine inawachukua wiki kadhaa. Hamna shida, endeleeni kutembea.

Sasa magoti, na hapa nataka mnisikilize vizuri zaidi manake huku ndo watu wanaumia.

Nguvu ya dansi hizi inatoka chini. Mtu anaeruka juu sana mnamuona yeye juu, mimi naangalia alivyoondoka na alivyotua. Ukitua na goti limenyooka, uzito wako mara kadhaa unagonga moja kwa moja kwenye goti na kiuno, na wewe unarudia hivo mamia ya mara kwa darasa moja. Ukitua na sehemu ya mbele ya wayo kwanza, kisigino kikafuata taratibu, goti na nyonga vikalegea, basi misuli ndo inaubeba ule uzito. Kipimo chake ni sikio tena. Tutazima muziki, mtaruka wote, na mimi ntafumba macho. Nikisikia puu, umetua vibaya. Mwenye mguu mzuri anatua unasikia karibu hakuna kitu. Na magoti yafuate vidole vya miguu yanakoelekea, yasiingie ndani yakabusiana, hasa mkichoka, manake mtu akichoka goti ndo la kwanza kukimbilia ndani.

Hapa mtu ataniambia mbona Wamasai kwenye adumu wanaruka wima kama mshale na kisigino hakigusi chini. Ndio, na wameanza wadogo kabisa, kano zao za kisigino zimekomaa kwa kazi hiyo, na wanaruka kwenye udongo. Wewe umetoka kwenye kiti cha ofisi umekuja kwenye sakafu ngumu. Kule Senegal mama Germaine Acogny, mtu ambae amefanya kazi kubwa kuliko wengi kuijengea dansi ya Kiafrika ufundishaji wake, chuo chake cha École des Sables pale Toubab Dialaw kina ukumbi ambao sakafu yake ni mchanga. Sakafu inasamehe au haisamehi. Yetu hii ni mbao juu ya zege, inasamehe nusu, kwa hiyo mkiona tunapunguza kuruka siku fulani msiseme mwalimu amezeeka.

Viatu. Swali hili linakuja kila siku. Ngoma za djembe na sabar ukicheza peku unaisikia ardhi, napendelea peku, ila unyayo wa mgeni ni laini kwa hiyo anza kidogo kidogo. Pantsula huwezi kuicheza peku, ile ilizaliwa kwenye vitongoji vya Johannesburg miaka ya 1950 na 1960, ni dansi ya mjini, miguu inakata inachora inateleza, kiatu ni sehemu ya mchezo na sehemu ya heshima pia, lazima kisafishwe. Na dansi ya mabuti ya wachimba madini wa Afrika Kusini bila buti hakuna kitu, lile kofi kwenye mpira ndo muziki wenyewe. Kitu nachokikataa ni raba za kukimbilia zile za soli nene yenye kung'ang'ania. Ukigeuka, mwili unageuka, kiatu kinabaki, na goti ndo linalipa.

Afya ntapita haraka haraka manake ipo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni. Mwenye presha, sukari, moyo, mjamzito au alietoka kujifungua karibuni, ongea na daktari wako na uniambie na mimi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za nguvu, kwa hiyo darasa moja hapa linakusogeza sana, ingawa msijidanganye, ukitoa kupasha na kupoa na stori za kwenye maji, ile sehemu ya kuhema kweli ni fupi kuliko mnavyodhani. Ukiwa unacheza na bado unaweza kuongea sentensi ila huwezi kuimba, uko wastani. Ukibaki na maneno mawili matatu kabla hujavuta pumzi, uko juu. Ukishindwa hata hayo, teremka, badilisha kuruka iwe kutembea, usikae ghafla. Mtu akitoka kwenye mchezo mkali akaketi hapohapo damu inabaki miguuni na kichwa kinazunguka, ndo wale wanaodondoka. Tembea. Na kesho yake misuli ikiuma yote kwa pamoja, ya mapaja, ya shavu la mguu, hiyo ni kawaida, siku mbili tatu inaisha. Maumivu ya sehemu moja, makali, yanayochoma ukikanyaga, hayo sio kawaida, usije kuyachezea ngoma.

Na kina mama, hili nalisema kwenye maiki kwa sababu likibaki la kunong'onezana watu wanaacha kuja. Ukiruka mkojo ukakuponyoka kidogo, huna ugonjwa wa aibu, ni misuli ya chini ya nyonga imelegea, inatokea sana baada ya kuzaa na umri ukisogea, na mara nyingi inaimarika kwa mazoezi maalumu, mtaalamu wa mazoezi ya tiba anaweza kukuonyesha. Vaa unachoona kinakufaa, cheza bila kuruka, njoo. Tumeshapoteza wachezaji wazuri kwa sababu ya jambo ambalo hakuna mtu alithubutu kulitaja.

Wenye magoti yaliyochakaa na wanaotumia kiti nao nisikilizeni. Kuna eskista ya Ethiopia. Mabega, kifua, shingo, miguu karibu haina kazi, na ni moja ya dansi kali kuliko zote ninazozijua, jaribuni dakika tatu mabega yanakwenda mbele nyuma mbele nyuma kwa kasi ile mnione mimi mtu mzima navyotoa jasho. Mzee wetu mmoja hapa anaicheza amekaa kwenye kiti na vijana wote wanamuiga. Angola nako, kuduro imeanzia Luanda mwishoni mwa miaka ya 1980 kuingia 1990, katikati ya vita, na wamo wachezaji waliopoteza mguu wakaifanya ile mikongojo na ule mguu mmoja kuwa sehemu ya staili. Kuduro inapenda mwili unaovunjika, unaoanguka, unaokwenda upande usiotegemewa. Muasisi wake anaetajwa sana, Tony Amado, alisema wazo lilimjia akimuangalia Jean-Claude Van Damme anacheza amelewa kwenye filamu moja ya ngumi, kwa hiyo anaekuja kuniambia dansi ya Kiafrika lazima itoke kwenye mizimu ya mababu tu, mpeni kiti akae kwanza.

Hilo linanileta kwenye jambo linalonikera kidogo. Watu wanasema dansi ya Kiafrika, moja, kama ni stepu moja ya bara zima. Jamani. Bugobogobo ya Wasukuma mnaona majembe yanarushwa hewani manake ni ngoma ya kulima. Azonto ya Ghana mtu anafua, anapiga pasi, anaendesha gari, anapokea simu, yote kwenye dansi. Sindimba ya Wamakonde kiuno kinafanya kazi ambayo ilikuwa na mahali pake kwenye jando na unyago kabla haijapandishwa majukwaani. Isukuti ya Waisukha na Waidakho kule magharibi ya Kenya inachezwa msibani, harusini, kwenye mieleka, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, yaani iko hatarini, wapigaji wanazeeka na vijana hawapokei. Intore ya Rwanda, yenye zile nywele ndefu za majani na mikuki, nayo imeingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2024. Hizi zote mkizichanganya kwenye wimbo mmoja wa dakika nne mkaziita jina moja mnazifuta. Kwa hiyo humu tunafundisha moja kwa muda mrefu, na kabla ya stepu mtaambiwa ni ya nani, ilichezwa wapi na kwa shughuli gani, na kama kuna kitu ambacho wenyewe hawakifundishi kwa wageni basi na sisi hatukifundishi. Kuna ngoma za vinyago na ngoma za mafunzo ambazo hazikutengenezwa zifundishwe kwa watu wa nje jumamosi jioni.

Wanaume. Mmejaa kwenye pantsula na kuduro, ikifika zamu ya kiuno mnakwenda kunywa maji wote kwa pamoja, nimewaona, msijifanye. Ndombolo ilipotoka Kinshasa miaka ya 1990 ikashika bara zima, waliokuwa mstari wa mbele wanatikisa nyonga walikuwa wanaume wenye suti za bei mbaya, na hakuna aliewauliza kitu. Nyonga ikikaza mgongo wa chini ndo unafanya kazi yake, halafu mnakuja kulalamika mgongo. Maji yatanywewa zamu ya maji.

Nimebakiza duara. Kila darasa tunamaliza na duara na najua ndo linalowatisha wengi, mtu anacheza vizuri saa nzima, likifungwa duara anakumbuka ana basi la kuwahi. Niwaeleze linavyokwenda. Huingii kuonyesha. Unaingia kusalimia ngoma. Unasogea mbele ukicheza stepu ileile wanayocheza wote, hakuna mpya, unamuangalia mpigaji usoni, sio sakafu na sio sisi, yeye. Ukifika mbele yake unafanya kitu kimoja. Kimoja tu, hata kama ni kuzunguka mara moja. Mpigaji atakiona na atakijibu, utaisikia djembe imebadilika kwa ajili yako, na hapo jamani sina maneno, mtu mzima ana watoto na mikopo anacheka kama kapagawa. Halafu unatoka. Usisubiri uishiwe pumzi, usisubiri makofi, toka ikiwa bado tamu, gusa bega la mwingine aingie. Ukikaa muda mrefu umeiba zamu ya mwenzako. Asietaka kuingia haingii, hasukumwi, na ukiona mtu anamsukuma mwenzake niite. Anaeshika makofi vizuri ameshacheza, na kusema kweli duara likikosa makofi mpigaji anachoka kabla ya mchezaji.

Video. Simu ziko kwenye begi mpaka duara liishe. Mkitaka kujifunza stepu nyumbani mtazirekodi kwa mwalimu dakika za mwisho, na rekodini miguu kwa nyuma, sio kwa mbele, manake ukimrekodi mtu kwa mbele kushoto kwake kunakuwa kulia kwako na unakuja wiki ijayo umejifunza kinyumenyume, halafu unabishana na mimi. Na mkiusikiliza muziki nyumbani tumieni spika yoyote yenye besi, spika ya simu inakula ngoma kubwa zote, unabaki na kofi la djembe tu, nusu ya muziki haipo, utachezaje.

Leo tunaanza na kuku ya Guinea, na utani wa jina umeshafanywa na kila mtu aliewahi kupita hapa kwa hiyo msijichoshe. Ni ngoma inayohusishwa na wanawake waliorudi kuvua samaki, ni ya furaha, ina kasi ila stepu zake ziko wazi, mgeni anaipata. Ishara ya kukata mtaisikia kwanza bila kucheza, mpaka kila mtu aweze kuiimba kwa mdomo, asieweza kuiimba hachezi bado. Wapigaji ndo wanapasha ngozi moto. Wenye jambo la kiafya mnifuate pale mlangoni sasa hivi kabla kelele haijaanza, wengine wote vueni raba, fungeni duara, wazee upande wa feni.